Waya wa dishi ukigoma: soma dalili kabla ya kupanda juu ya bati

Chaneli zimepotea, king'amuzi kinasema hakuna mawimbi, na jambo la kwanza linalofanyika katika nyumba nyingi ni mtu kupanda juu ya bati na kuanza kulisukuma dishi. Usiliguse kwanza. Dishi lililokazwa vizuri ni nadra kuhama lenyewe, labda nguzo iwe imelegea au umepita upepo mkali. Kinachoharibika mara kwa mara ni waya: ndio unaoloa, unaopasuka kwa jua, unaotafunwa na panya darini na kuungwa ovyo. Ukishalisogeza dishi, tatizo moja limekuwa mawili, na hilo la pili ndilo litakalokula siku nzima.

Anza na maswali mawili hapohapo sebuleni: nini hasa kimepotea, na kinapotea wakati gani? Majibu yake yanamaliza zaidi ya nusu ya kazi, ilimradi ujue kinachopita ndani ya waya huo.

Mizigo miwili, waya mmoja

Kata kipande cha RG6, waya unaotumika kwenye madishi mengi, ukitazame kwa mbele. Katikati kuna kiini cha metali chenye kipenyo cha milimita 1.02. Kimezungukwa na plastiki nyeupe yenye vipovu vya hewa, kipenyo chake milimita 4.57. Juu yake kuna foili ya alumini, kisha wavu wa nyuzi nyembamba, kisha ganda. Jumla inakaribia milimita 7. Foili na wavu kwa pamoja ndiyo ngao. Tabaka zote zina mhimili mmoja, na jina koaksia limetokana na hilo. Mhandisi Mwingereza Oliver Heaviside alipata hataza ya umbo hili Uingereza mwaka 1880, miongo kadhaa kabla ya televisheni.

Waya huu unabeba mizigo miwili inayopishana. Kutoka kwenye king'amuzi kwenda juu unapita umeme wa DC, yaani wa mkondo mmoja kama wa betri, volti 13 au 18, unaoiendesha LNB, kile kifaa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi ya satelaiti. Kutoka LNB kuja chini yanapita mawimbi ya megahezi 950 hadi 2150, yenye picha na sauti.

Umeme wa DC hupita katika unene wote wa metali: unapanda kwa kiini, unarudi kwa ngao. Mawimbi hayafanyi hivyo. Nguvu yake inasafiri ndani ya ile plastiki nyeupe, kati ya kiini na ngao, na metali inayaongoza tu kama kingo za mfereji zinavyoyaongoza maji. Mkondo wake hugusa ngozi tu ya kiini: kwa megahezi 1000 unaingia ndani ya shaba kiasi cha mikromita 2. Ndiyo maana waya nyingi zina kiini cha chuma kilichovikwa shaba nyembamba, na mawimbi hayaoni tofauti. Lakini DC inaiona, kwa kuwa chuma kinaupinga umeme zaidi ya shaba.

Kwa hiyo yapo magonjwa ya metali, yanayoizuia DC, na yapo magonjwa ya plastiki nyeupe na umbo la waya, yanayoyazuia mawimbi. Waya unaweza kuonekana salama kabisa kwenye multimita, kifaa cha kupimia umeme, na bado ukawa haufai, kwa sababu multimita ikipima omu hupima metali peke yake. Wapo wanaonunua LNB mpya mara mbili au tatu kwa kutojua hili.

Tabia ya mawimbi ndani ya waya inapimwa kwa namba moja, omu 75. Hii si kitu utakachosoma kwenye multimita. Ni uwiano uliowekwa na kipenyo cha kiini, kipenyo cha plastiki na aina ya plastiki yenyewe. Bonyeza waya ubonyee, uukunje kwa pembe kali au uingize maji, na uwiano huo unavurugika mahali hapo. Sehemu ya mawimbi hurudi yalikotoka badala ya kuendelea chini.

Vya kuwa navyo

Multimita; spana ya 11; kisu kikali; konekta za F (zile za kukaza kwa nati kwenye LNB na king'amuzi) nne au tano za RG6; sumaku ndogo; rezista ya omu 100 yenye uwezo wa wati 5; na waya wa RG6 wa mita 2 unaoujua ni mzima, wenye konekta pande zote mbili. Huo wa mwisho ndio wenye thamani kuliko vyote.

Kila unapotaka kufungua konekta, chomoa kwanza king'amuzi kwenye soketi ya ukutani. Kikiwa kimezimwa kwa rimoti tu, mara nyingi volti bado zipo kwenye waya, na kiini kikigusa ngao wakati unafungua unapiga shoti.

Nguvu sifuri, ubora sifuri

Fungua menyu ya king'amuzi inayoonyesha mistari miwili, nguvu ya mawimbi na ubora wake. Yote miwili ikiwa sifuri, mara nyingi LNB haipati umeme au waya umekatika. Hapa tatizo liko kwenye metali, na multimita inatosha.

Fungua waya pande zote mbili. Pima omu kati ya kiini na ngao: lazima isome wazi, yaani hakuna mgusano. Kisha upande wa juu gusanisha kiini na ngao kwa kipande cha waya, ushuke upime tena chini. RG6 ya kiini cha chuma kilichovikwa shaba huwa na takriban omu 0.13 kwa mita, kwenda na kurudi. Waya wa mita 30 basi usome karibu omu 4. Ukisoma omu 15, ipo konekta iliyooza au kiungo kibovu. Ukisoma wazi, umekatika.

Umekatika wapi? Kama multimita yako inapima kapasita (uwezo wa kuhifadhi chaji), huna haja ya kuufumua wote. RG6 ina takriban pikofaradi 53 kwa kila mita. Ondoa ule mgusano wa juu, uache ncha zote wazi, upime kapasita kati ya kiini na ngao. Waya mzima wa mita 30 utasoma karibu nanofaradi 1.6. Ukisoma 0.64, mkato uko kama mita 12 kutoka hapo uliposimama. Nenda upande wa pili ukapime tena: majibu mawili yakijumlishwa yanapaswa kukaribia urefu wote. Yakizidi sana urefu huo, ndani kuna maji, kwa kuwa maji huongeza kapasita kuliko plastiki.

King'amuzi kinaonya kuhusu shoti

Mpangilio wa kutafuta ni huu. Fungua waya nyuma ya king'amuzi, ukiwashe. Onyo likibaki, ugonjwa ni wa king'amuzi. Likiondoka, rudisha waya huku upande wa LNB ukiwa umefunguliwa. Onyo likirudi ni waya. Lisiporudi ni LNB.

Shoti ya waya mara nyingi inasababishwa na unywele mmoja wa ule wavu uliobaki umesimama ndani ya konekta na kugusa kiini. Fungua konekta zote, chini na juu, uzitazame kwenye mwanga mkali kabla ya kushuku kitu kingine. Baada ya hapo fuata njia ya waya ukitafuta msumari au klipu iliyopigwa juu yake, na mahali unapopita kwenye ukingo wa bati.

Nusu ya chaneli zimepotea

Hii ndiyo dalili inayowachanganya watu kuliko zote, kwa sababu nusu iliyobaki inaonekana safi kabisa.

Satelaiti hurusha kwa mielekeo miwili, wima (V) na mlalo (H). LNB huchagua kwa kusoma volti inayoipata: karibu 13 ni wima, karibu 18 ni mlalo, na mpaka wake kwa kawaida uko kati ya volti 14 na 15 na nusu. Volti 18 zikitoka kwenye king'amuzi na kufika juu zimekuwa 14, LNB inabaki kwenye wima na chaneli zote za H zinatoweka. Tazama kwenye menyu ya kutafuta chaneli kwa mkono: kama zote zilizopotea zina H, tatizo ni volti kupotea njiani. Dishi halihusiki.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme LNB yako inavuta miliampea 150. Mita 40 za RG6 nzuri zina omu 5 hivi, na zinapoteza volti 0.8, juu zinafika 17.2, LNB inatosheka. Ili ushuke chini ya 15.5 unahitaji omu 17. Waya mzuri wa urefu wa kawaida haufikishi hizo peke yake. Basi tafuta kiungo chenye kutu, au kipande cha waya wa bei rahisi wenye kiini chembamba na wavu wa nyuzi chache. LNB yenye matundu mawili au manne huvuta zaidi, kwa mfano miliampea 250, na hapo omu 10 tu zinatosha kuleta tatizo.

Mtego uko kwenye kupima. Mtu anapanda juu, anafungua LNB, anaweka multimita kwenye konekta, anasoma 18 kamili, anahitimisha kwamba waya ni mzima na LNB imekufa. Multimita haivuti mkondo wowote wa maana, na pasipo mkondo hakuna volti inayopotea, hata njia iwe na omu 50. Lazima upime waya ukiwa na mzigo. Hapo ndipo rezista ya omu 100 inapoingia: chagua chaneli ya H kwenye menyu, iunganishe rezista kati ya kiini na ngao upande wa LNB, na usome volti juu ya rezista hiyo. Ukipata 17 au zaidi, waya ni salama. Ukipata 15, njiani kuna omu 20. Fanya kwa sekunde chache tu, kwa sababu rezista inachemka kwa wati 3 na inaunguza vidole.

Sumaku inasaidia kujua una waya gani. Ikinata kwenye kiini, ni chuma kilichovikwa shaba. Hilo si kosa kwa dishi la nyumba moja. Lakini kwa umbali unaozidi mita 40 na LNB ya matundu mengi, lipia waya wa shaba tupu, ambao kiini chake kina upinzani wa kama moja ya tano ya ule wa chuma.

Kuna ndugu wa dalili hii: zinapotea chaneli zote zilizo juu ya megahezi 11700, za V na za H pamoja. LNB ya kawaida ya ukanda wa Ku (masafa ya satelaiti ya gigahezi 10.7 hadi 12.75), ile yenye lebo 9750/10600, huhamia nusu ya juu ya ukanda inaposikia mlio wa kilohezi 22 uliopandishwa juu ya DC. Kagua kwanza mpangilio wa menyu, halafu splita (kigawanyaji cha waya) au swichi yoyote iliyo katikati.

Inapotea wakati wa mvua

Swali la kuuliza: inarudi lini?

Ikirudi dakika chache baada ya wingu zito kupita, waya hauna kosa. Matone makubwa ya mvua hufyonza mawimbi ya gigahezi 11 na 12 hewani, kabla hayajafika kwenye dishi. Dawa yake ni dishi kubwa zaidi na kulielekeza kwa usahihi: kutoka sentimita 60 kwenda 90 unakusanya mawimbi mara 2.25. Kubadilisha waya hakutasaidia chochote.

Ikiendelea kusumbua mpaka jua liwake mchana, au inakatika alfajiri penye umande na kupona saa nne, maji yameingia ndani ya konekta. Na ikiwa kila masika hali inakuwa mbaya kuliko masika yaliyopita, waya unaoza.

Maji yakishaingia kwenye konekta ya juu hayabaki pale. Yanafuata nyuzi za wavu kama mafuta ya taa yanavyofuata utambi wa kibatari, na yanaweza kushuka mita kadhaa ndani ya ganda. Huko yanafanya kazi tatu za uharibifu. Yanavuruga ile omu 75, kwa kuwa tabia ya maji kwa mawimbi iko mbali sana na ya plastiki. Yanakula alumini ya ngao ikawa unga mweupe au wa kijivu. Na kwa vile kiini kina volti 13 au 18 chanya muda wote, maji yenye chumvi yanakigeuza kiini kuwa upande unaoliwa: shaba yake inayeyuka taratibu na kuacha uchafu wa kijani. Pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu na visiwani, hewa yenyewe inaleta chumvi, na konekta isiyofunikwa haidumu.

Ukanda wetu una jambo lake la pekee. Karibu na Ikweta, satelaiti nyingi ziko karibu na utosi. Ile ya nyuzi 36 Mashariki ukiwa Dar es Salaam iko kama nyuzi 81 juu ya upeo, na Nairobi ni kama 88. LNB basi inatazama chini, kuelekea dishi lililo karibu kulala, na soketi zake, ambazo Ulaya zingetazama ardhini na kuchuruza maji, hapa zinaweza kukaa ubavu au hata kutazama juu. Kile kifuniko kidogo cha plastiki kinachokuja na LNB hakikutengenezwa kwa mkao huo. Konekta ya huku inahitaji kuzibwa kabisa.

Ziba hivi. Kaza konekta kwa vidole mpaka mwisho, kisha robo mzunguko au pungufu kwa spana. Chukua tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ivute mpaka ikaribie kuwa nyembamba nusu, na uizungushe kuanzia upande wa chini kwenda juu, kila mzunguko ukipanda juu ya uliotangulia, kama makuti yanavyoezekwa. Ukianzia juu, kila mkunjo unakuwa mfuko wa kukinga maji. Juu yake zungusha tepu nyeusi ya umeme kuikinga na jua. Usitumie silikoni ile yenye harufu ya siki. Tindikali yake inakula shaba. Kisha uache waya ushuke chini ya soketi na kupanda tena kabla ya kuingia ndani ya nyumba, ili maji yadondokee kwenye tumbo la kitanzi hicho.

Kwa waya uliokwisha kuloa, kata sentimita 30 kutoka mwisho, uchane ganda na utazame wavu. Unang'aa? Weka konekta mpya. Umefifia au umekuwa mweusi? Kata tena. Ukifika mita 2 bado haujang'aa, badilisha waya wote, maana kuukausha hakurudishi alumini iliyoliwa. Na ule mpya wa nje uwe mweusi: ganda jeupe la waya wa ndani hupasuka juani na kufungua njia ya maji hata pasipo konekta.

Chaneli chache tu ndizo mbovu, zingine ni nzima

Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo waya unavyoyafyonza zaidi. RG6 hupoteza takriban desibeli (kipimo cha kudhoofika kwa mawimbi) 20 kwa mita 100 kwenye megahezi 1000, na 32 hivi kwenye 2150. Kwa waya wa mita 50 hizo ni 10 na 16. Waya ukiwa mrefu mno, chaneli za masafa ya juu ya waya hutangulia kuganda na kukatika vipande vipande. Masafa ndani ya waya unayapata kwa kutoa namba ya lebo ya LNB kwenye masafa ya chaneli: chaneli ya 12500 kwenye LNB ya 10600 inashuka kwa 1900.

Angalia kwanza nyuma ya televisheni. Mara nyingi kuna bunda la waya uliobaki, mita 15 au 20 zimeviringishwa na kufungwa kwa kamba. Hizo peke yake zinakula desibeli 5 au 6 za masafa ya juu. Kata. Ikiwa umbali kweli unazidi mita 50, tumia RG11, ambayo hupoteza kiasi cha theluthi moja pungufu, au weka kikuza mawimbi karibu na LNB. Kikiwekwa nyuma ya televisheni kinakuza mawimbi yaliyokwisha kudhoofika pamoja na kelele zake.

Ikiwa chaneli mbovu ziko katikati na za juu yake ni nzima, tafuta mahali mawimbi yanaporudi nyuma: kona kali, sehemu iliyobonyezwa na dirisha au mlango, kiungo. Kona ya RG6 isipungue sentimita 7 kutoka katikati ya mzunguko wake. Klipu nazo zina lao. Zikipigwa kwa nguvu na kwa nafasi sawasawa, vimakovu vidogo vinashirikiana kwenye masafa fulani. Klipu za kila sentimita 30 zinaelekeza nguvu ya kurudi kwenye megahezi 415 hivi na mafungu yake: 830, 1245, 1660, 2075. Pigilia kwa upole, na nafasi zisilingane: 25, kisha 35, kisha 28.

Kiungo cha kusokota ndicho kibaya kuliko vyote, na kipo katika nyumba nyingi mno. Mtu anasokota kiini na kiini, wavu na wavu, anazungusha tepu. Kwa umeme wa nyumbani wa hezi 50 kusokota kunafanya kazi, kwa sababu wimbi lake lina urefu wa kilomita 6000 na sentimita 3 za nyaya zilizo wazi si kitu kwake. Ndani ya RG6, wimbi la megahezi 2150 lina urefu wa sentimita 11 au 12. Sentimita 3 ni robo nzima ya wimbi, ambayo haina plastiki ya kipimo wala ngao. Multimita itasema kiungo ni kizima, na DC itapita. Mawimbi yatagonga ukuta. Tumia konekta mbili na kiunganishi cha F cha kike kwa kike kinachofikia megahezi 2400 au zaidi.

Konekta inavyofungwa

Vua ganda milimita 13 kutoka mwisho bila kukata wavu. Kunja wavu wote nyuma juu ya ganda, unywele kwa unywele. Acha foili ikiwa imeshikamana na plastiki. Kata plastiki na foili kwa pamoja ili kiini kibaki wazi milimita 6 hadi 7, na kisu kisikwaruze kiini, kwa sababu ngozi ile ya shaba ndiyo njia ya mawimbi na chini yake kuna chuma kinachosubiri kutu. Sukuma konekta mpaka plastiki nyeupe ilingane na sakafu ya ndani ya konekta. Kiini kitokeze kupita ukingo wa nati kwa milimita 1 hadi 3. Kikiwa kifupi hakifiki ndani ya soketi, na ubora utakuwa ukipanda na kushuka ukiugusa waya. Kikiwa kirefu kinaharibu soketi.

Konekta ya kubanwa kwa koleo la kukandamiza ndiyo ya nje. Ile ya kuzungusha kwa mkono inavumilika ndani ya nyumba tu.

Nguvu 80, ubora sifuri

Hapa ndipo dishi linapohusika. LNB yenyewe hutoa kelele, na king'amuzi huihesabu kelele hiyo kama nguvu. Waya unafanya kazi. Dishi linatazama mahali pasipo na satelaiti, au linatazama satelaiti nyingine. Hapa, panda.

Chumba cha pili kinaharibu cha kwanza

Ving'amuzi viwili, LNB yenye tundu moja, splita katikati. Wa sebuleni akitaka chaneli ya V na wa chumbani ya H, volti 18 inashinda na wa sebuleni anapoteza picha. Splita nyingine hupitisha DC tundu moja tu, basi cha pili hufanya kazi cha kwanza kinapokuwa kimewashwa. Hakuna waya utakaotibu hili. Weka LNB ya matundu mawili na uvute waya wa pili.

Kagua pia maandishi ya splita. Iliyoandikwa 5–1000 megahezi ni ya antena ya kawaida. Kwa dishi inakata karibu kila kitu.

Antena ya kawaida: picha inaganda simu inapoita

Televisheni ya kidijitali ya ardhini iko kwenye UHF, kuanzia megahezi 470, na mitandao ya 4G inatumia jirani zake, 700 na 800. Ngao ikiwa kamili, kelele za nje hutambaa juu ya uso wake wa nje na hazikutani na mawimbi yaliyo ndani. Konekta iliyolegea ndiyo mlango ambapo uso wa nje unakutana na wa ndani. Kaza konekta kwanza. Kama waya ni ule wenye nyuzi chache zinazoonekana nafasi katikati na hauna foili, badilisha.

Antena yenye kikuza mawimbi inahitaji umeme kupitia waya huohuo, mara nyingi volti 5 kutoka kwenye king'amuzi. Kipengele hicho kinaweza kuzimika chenyewe king'amuzi kinaporudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani, na waya hulaumiwa bure.

Kamera za ulinzi: mistari mipana inapanda polepole

Kamera inayotuma picha kwa waya wa koaksia inalishwa umeme kwenye jengo moja, mashine ya kurekodi iko jengo jingine, na ardhi za majengo hayo mawili hazina volti sawa. Tofauti hiyo inasukuma mkondo wa hezi 50 kwenye ngao ya waya, na picha inaonyesha mistari. Ijaribu kwa kuiendesha kamera kwa betri ya volti 12: mistari ikitoweka, umeipata. Dawa ya kudumu ni kulisha kamera na mashine kutoka chanzo kimoja cha umeme, au kuweka kitenganishi cha transfoma kwenye waya wa picha.

Konekta ikikutetemesha vidole, ni mkondo mdogo unaovuja kwenye vichujio vya vifaa visivyo na waya wa ardhi. Unganisha ngao na ardhi ya nyumba kwa waya wa shaba usiopungua milimita za mraba 4. Ikikupiga kweli, chomoa vyote na umwite fundi umeme siku hiyohiyo.

Wengine hukata ngao upande mmoja ili mistari iondoke. Mistari huondoka kweli, lakini mkondo wa mawimbi umenyimwa njia ya kurudi: picha ya rangi inafifia, kivuli kinatokea pembeni ya kila ukuta, na ngao haikingi tena.